Majina ya Mafaili ya Papa Félicien

Papa Félicien, mwenye ofisi yetu ya kuchapa barua hapa Mangobo, ni mtu mwerevu, na asitokee wa kunibishia. Ila mafaili yake huyapa majina kwa sura ya mteja. "Mama wa kitenge cha kuku." "Kijana mwenye haraka." Nimemcheka miaka minne, naye hunijibu kwamba majina ya watu husahaulika, kitenge hakisahauliki.

Asubuhi moja Marceline aliingia akihema. Baba yake, aliyefariki mwaka jana, alichapisha kwetu wosia wa nyumba, na karatasi yenyewe imeliwa na mchwa. Sasa tonton Moïse, mdogo wa marehemu, anadai nyumba ni yake. Chifu wa mtaa anakumbuka kugonga mhuri, maneno hayakumbuki. Kampa Marceline hadi saa sita ayalete.

"Papa yako alikuwa anavalaka nini?" Papa Félicien akamuuliza.

"Nguo, papa!"

Nikamwondoa mzee kitini. Kompyuta yake ilikuwa ikitafuta majina ya mafaili tu, kama mtu anayesoma bahasha bila kufungua barua. Niliingia kwenye mipangilio ya utafutaji, nikaweka alama pale pa kutafuta hadi maandishi ya ndani, tukaisubiri iyasome mafaili yote. Ilisoma kwa uvivu. Marceline alitazama saa, mimi nikaomba umeme usikatike.

Nikaandika jina la baba yake. Zikaja barua arobaini na moja, zote za kulalamikia muziki wa jirani.

"Ah, kumbe ule!" Papa Félicien akafurahi.

Nikaandika Marceline. Hakuna kitu.

"Bon, kwenu banakuitaka nani?" nikamuuliza.

"Koko, ni kusema bibi. Nilipewa jina ya mama ya papa, njo bote banaitaka miye vile."

Koko: faili moja, "Mzee wa kofia ya kijani", pale pa jina la mzee pameachwa wazi kwa sahihi. Marceline akasoma, "Nyumba yangu naachia Koko, mutoto wangu, mwenye alinichunga," akairudia mara ya pili. Nikaichapa palepale.

Tulifika kwa chifu saa sita kasoro. Tonton Moïse alikuwa amekwisha kukaa.

"Koko, umechelewa," akasema kwa dharau.

Chifu akaisoma karatasi hadi mwisho, akavua miwani. "Moïse, huyu umemuita nani sasa hivi?"

Tonton akainuka, akashika njia.

Kesho yake nilikuta lile faili limepewa jina jipya: "Koko mwenye nyumba." Safari hiyo sikumcheka.