Hapa Hapajakaa Sawa

Jumamosi saa kumi alasiri, kwenye lango la bustani ya jiji, binti mmoja muuza dawa alikuwa ameinama akishusha kiti cha baiskeli ya kukodi ili miguu ya mama yake ifike chini. Alikaza nati, akakitikisa kiti, akakaza tena. Mama yake alisimama kando na viatu vyake vya raba, mikono kiunoni, akiitazama njia badala ya baiskeli.

"Panda, Mama. Daktari amesema baiskeli, polepole, mara mbili kwa wiki. Hakusema uikague barabara."

"Naangalia kama imetitia."

Haikuwa imetitia. Njia ya baiskeli ilizunguka bustani nzima, kilomita nne za vitofali vyekundu vya saruji, na mama alikuwa mmoja wa mafundi kumi na wanne waliovipanga kimoja kimoja, miaka kumi na moja iliyopita, wakiwa wamepiga magoti. Ndiyo maana magoti yake sasa yalilia kama bawaba. Kazini walimwita Mama Kamba, kwa sababu akishavuta kamba ya kunyooshea mstari, hata nyapara hakuthubutu kuupima tena. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na alikuwa hajawahi kupanda baiskeli.

Alianguka mara mbili kabla ya kufika kwenye mabembea. Mara ya tatu binti alikiachia kiti bila kusema, na mama akaendelea peke yake, akiyumba, kwa mwendo ambao hata kuku angempita. Ni mwendo huo uliomfanya asikie. Gurudumu la mbele lilikanyaga vitofali, na vitofali vikasema kwa sauti ya chini, kama watu wanaoitikia hodi: Mama Kamba. Mama Kamba. Mama Kamba. Mbele kidogo mstari ukabadilika, vikasema: Kijiko. Kijiko. Kijiko alikuwa fundi mwembamba aliyekunywa chai saa zote.

Alifunga breki. "Umesikia?"

"Nimesikia," binti alisema, akihema kwa kukimbia. "Wamekutaja wewe zaidi."

"Nilipanga zaidi."

Mkodishaji wa baiskeli aliwaambia kuwa vitofali vimekuwa vikisema tangu mvua zilizopita. Wanaokwenda kasi husikia mvumo tu, wakirudi humlalamikia kuwa tairi hazina upepo.

Langoni kulikuwa na jiwe la uzinduzi lenye majina matatu: la meya, la mhandisi na la mkandarasi. Kwa wiki tatu Mama Kamba aliendesha baiskeli na kusikiliza, na hakuna kitofali kilichotaja hata mmoja kati ya hao. Mafundi wenzake aliwasikia wote, isipokuwa mmoja. Hilo halikumshangaza, kwa kuwa kila alipokaribia kona ya bwawa aligeuza baiskeli na kurudi alikotoka.

Wiki ya nne magoti yalikuwa yamenyamaza, na hakuwa na kisingizio tena. Aliingia kwenye kona. Vitofali vikasema: Pimamaji. Pimamaji. Pimamaji. Kisha, karibu kabisa na ukingo wa bwawa, pale vilipo vile alivyovipanga mwisho, havikusema jina. Vilisema kwa sauti ya Pimamaji mwenyewe, ile ya puani, yenye subira: "Nyapara, hapa hapajakaa sawa. Tusubiri udongo ukauke."

Mama Kamba alishuka, akaiegemeza baiskeli kwenye mti, akaketi kwenye nyasi.

Pimamaji aliitwa hivyo kwa sababu hakuachana na pimamaji yake, kile kipimo chenye povu kinachoonyesha kama mahali pamekaa sawa. Aliitia mfukoni mwa shati, akaiweka juu ya kila kitu: meza ya chakula, benchi la zahanati, na mara moja kitanda cha mgonjwa aliyekwenda kumjulia hali. Siku ile, Jumatano kabla ya uzinduzi, aliiweka ardhini karibu na bwawa, na povu likagoma kukaa katikati. Akasema aliyoyasema. Nyapara akajibu kwamba povu halijui tarehe ya uzinduzi. Mashine ya kushindilia ililetwa, udongo ukateleza, na mashine ikamlalia Pimamaji, akafa. Jioni hiyo wote kumi na watatu waliitwa mmoja mmoja kwenye kibanda cha ofisi, wakatia sahihi karatasi iliyosema kwamba mwenzao aligongwa na gari akivuka barabara bila kutazama, akitoka kazini. Jumamosi meya akakata utepe.

Mjane wa Pimamaji alikuwa mshonaji. Mama Kamba alimkuta akipinda sketi za shule, akasimama mlangoni hadi alipoambiwa aketi.

"Wifi," alisema, "mume wako hakugongwa na gari."

Mshonaji aliondoa mguu kwenye cherehani. Alisikiliza hadithi yote bila kukatiza. Mwisho aliuliza jambo moja tu.

"Na wewe ulitia sahihi?"

"Nilitia."

Mshonaji alikata uzi kwa meno. "Miaka kumi na moja," alisema, "watu wananiambia pole, halafu wananiambia, lakini naye, si angetazama? Mtu aliyepima mpaka kikombe kabla ya kukitia chai! Nikawa naona aibu, mimi, mke wake." Akachukua mtandio. "Twende. Hasira zangu na wewe zitasubiri."

Bustanini alipanda kwenye karia ya nyuma, kiubavu, mkono mmoja umeshika kiuno cha Mama Kamba. Kwa uzito wa wawili walikwenda polepole zaidi, na kila jina lilisikika hadi silabi ya mwisho. Kwenye kona mshonaji alisikia jina la mumewe mara mia mbili na arobaini. Kisha akaisikia sauti. Alimwomba Mama Kamba arudi nyuma, wakapita tena, na tena. Mara ya nne alikuwa amenyoosha mgongo kama bibi harusi.

"Ndiye," alisema. "Hata na mimi alinisema hivyohivyo. Nikipika wali, hapa hapajakaa sawa."

Walicheka hadi baiskeli ikaingia kwenye nyasi.

Jumatatu walikwenda ofisi ya bustani. Karani aliwaamkia shikamoo, akaitikiwa, akawaandalia viti, akasikiliza. Alikuwa mtu mwadilifu: alichukua baiskeli ya ofisi akaenda mwenyewe hadi kwenye kona. Aliporudi aliliweka daftari la malalamiko mbele yake.

"Nimemsikia, mama zangu. Tatizo ni safu. Kuna safu ya taa, safu ya nyasi, safu ya mbwa na safu ya kelele."

"Andika kuwa mtu alikufa," mshonaji alisema.

"Hakuna safu yake."

"Na mimi nitatia sahihi upya," alisema Mama Kamba. "Safari hii kweli."

Karani aliandika kwenye safu ya kelele, kwa mwandiko mzuri, maelezo yote, na Mama Kamba akatia sahihi kubwa iliyovuka mistari mitatu.

Jibu lilikuja baada ya miezi miwili, likiwa na muhuri. Lilisema kwamba kwa mujibu wa kumbukumbu zilizopo, hakuna mfanyakazi aliyepoteza maisha wakati wa ujenzi wa njia. Kuhusu sauti zinazosikika, wapanda baiskeli wanashauriwa kuongeza mwendo. Jiwe la uzinduzi liliendelea kuoshwa kila Ijumaa kwa sabuni.

Kufikia wakati huo mshonaji alikuwa ameshajifunza kuendesha. Alijishonea suruali pana yenye kamba za kufungia vifundoni, akawa anakuja kila Jumamosi, mbele ya Mama Kamba au ubavuni kwake, na kwenye kona ya bwawa alikwenda taratibu kiasi kwamba baiskeli ilisimama wima kwa ujuzi tu.

Siku moja bwana mmoja mwenye helmeti na miwani ya upepo alimkuta pale, akapiga kengele. Akapiga tena.

"Dada, vipi? Njia ni ya wote."

Mshonaji hakugeuka. "Punguza mwendo, kaka. Anayeongea ni mume wangu. Alikuwa fundi."

Yule bwana aliweka mguu chini, akavua helmeti, akasikiliza.