Nipeni Jina

Kila mwaka, siku ya kuzaliwa kwa mdogo wangu, redio hutusimulia maisha yake. Eti alizaliwa kibandani, akasoma kwa mwanga wa kibatari, akaenda shule pekupeku. Uongo mtupu. Nyumba yetu ilikuwa ya tofali, na umeme tulikuwa nao, kwa sababu baba alikuwa mwoka mikate na mashine ya kukandia unga haizunguki kwa kibatari. Umeme ukikatika, Mheshimiwa hakusoma, alilala. Na viatu alikuwa navyo, vyake na vya mwenzake, lakini hilo nitalifikia.

Mwaka huu niliizima redio kabla hawajafika kwenye kibatari. Mwanangu wa pekee alikuwa mahabusu, na katika nchi nzima hii mwenye uwezo wa kumtoa alikuwa mtu mmoja, huyohuyo waliyekuwa wakimsifu. Sikuwa na jambo jingine kichwani. Nilitaka mtoto wangu atoke.

Kosa lake ni hili. Mwanangu ni fundi wa spika, yeye na wenzake ndio hufunga mitambo kwenye mikutano. Siku ile Mheshimiwa alikuwa anahutubia uwanjani. Akanyanyua mkono, akasema, "Ninawaahidi," na hapohapo spika zikakata. Kaachama, mkono juu, sauti hakuna. Mtu mmoja akacheka kule nyuma, halafu safu nzima, halafu uwanja wote, mpaka askari wenyewe wakawa wanaangalia viatu vyao. Jenereta ilikuwa kuukuu, ikachemka, ikazima. Mafundi walikuwa wameshasema tangu asubuhi kwamba haitafika jioni, na hakuna aliyewasikiliza, hata mwenye jenereta mwenyewe. Watu hawajamaliza kucheka, mafundi wote walikuwa wameshapakiwa garini, na mwenye jenereta pamoja nao.

Niliruhusiwa kumwona mwanangu mara moja, yeye upande ule wa wavu na mimi upande huu. Alikuwa amekonda na jicho moja limevimba.

"Mama, usilie," akaniambia. "Hawatupigi sana. Wanauliza kitu kimoja tu, nani. Tukiwaambia ni jenereta, wanasema tupeni jina."

Maneno hayo nimekua nayo, nayajua hata harufu yake.

Baba yetu hakuwa mtu mbaya, na ukisikia mtu anaanza hivyo ujue yanakuja mengi. Mbele ya nyumba kulikuwa na tanuri, meza ndefu ya kukatia madonge na rafu za mabati. Sisi tuliishi chumba cha nyuma, na unga ulitufuata mpaka kwenye mashuka. Kazi ilianza alfajiri na ilikuwa na sheria moja. Kitu kikiharibika, mkate ukiungua, bati likidondoka, hamira ikiachwa wazi, baba hakuuliza kimetokea nini. Alivuta kiti, akakaa kitako mbele ya mlango wa tanuri, akafuta mikono kwenye aproni, akasema, "Nipeni jina." Mpaka jina lipatikane hakuna aliyekula, hakuna aliyekwenda shule, na moto haukuchochewa. Kama jina lilikuwa la kweli au la kusingizia, hilo halikumhusu.

"Mimi si mpiga ramli," alikuwa akisema. "Nikishapata jina, kazi inaendelea."

Tulikuwa watatu. Mimi ndiye mkubwa. Wa kati tulimwita Taratibu kwa sababu ya kigugumizi, neno lake moja ungeweza kulisubiri huku unafunga kamba za viatu. Wa mwisho mama alimwita Bwana Mdogo, na huyo hakuwahi kukosa la kusema tangu atoke tumboni. Mara nyingi jina lililotolewa lilikuwa langu, nalitoa mwenyewe. Nachapwa mbili tatu, tunakula, yamekwisha. Niliona afadhali hivyo kuliko kumtazama Taratibu akihangaika na midomo yake mbele ya kile kiti.

Siku moja tulikuwa na mikate ya hospitali, tanuri zima limejaa. Aliyeachiwa moto alikuwa Bwana Mdogo, na Bwana Mdogo alikuwa amejikunyata kwenye magunia anasoma kipande cha gazeti kilichofungiwa siagi. Hapo redio haidanganyi, alikuwa anapenda kusoma, angesoma hata maandishi ya kwenye gunia. Tuliponusa moshi mikate ilikuwa imeshakuwa makaa. Baba akavuta kiti.

Saa ya shule ikapita. Matumbo yakaanza kunguruma. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo, Bwana Mdogo akanyoosha kidole juu kama yuko darasani na kusema, "Taratibu."

Taratibu akamgeukia. Akaanza, "Si, si, si," na kabla hajafika mwisho wa neno baba alikuwa ameshasimama.

"Baba, ni mimi," nikasema.

Baba alinitazama kwa mshangao, wala hakuwa na hasira. "Jina nimeshapata. La pili nitalifanyia nini?"

Taratibu hakurudi shule. Aliwekwa kwenye tanuri ajifunze moto, na viatu vyake vya shule akapewa Bwana Mdogo, vikamfaa mguu ulipokua. Jioni ile Bwana Mdogo alikuja kwenye godoro langu akalia mpaka akashikwa na kwikwi. "Dada, nilikuwa na njaa," akasema. Ilikuwa kweli. Alikuwa mtoto mwenye njaa, na nilimkumbatia mpaka akalala, kwa sababu ungefanya nini na mtoto wa namna ile.

Hiyo ndiyo shule aliyosoma mdogo wangu. Ile yenye madawati ilikuwa nyongeza, ingawa nako aling'ara. Alikuwa wa kwanza darasani, akawa kiranja mkuu, akaenda bweni. Mwalimu wake wa historia alikuja mpaka dukani kwetu kumpongeza baba. Alisimulia kwamba dirisha la bweni lilivunjwa, wavulana wote wakapigishwa magoti kokotoni, hakuna anayesema, na kijana wetu akasimama peke yake akamtaja mkosaji. "Yule ana moyo wa uongozi," mwalimu akasema, huku anatafuna mkate wetu. Nilimuuliza baadaye Bwana Mdogo, ni kweli yule mvulana alivunja dirisha? Akacheka. "Dada, tulikuwa tunaumia magoti." Akapata nafasi ya kusoma nje, akarudi na tai na digrii, akaingia siasani, na kila alipopita kazi iliendelea. Taratibu alibaki na moto na vumbi la unga mpaka kifua kikamshinda. Kwenye mazishi Mheshimiwa alilia kuliko sisi wote, sikatai, na machozi yake yalikuwa ya kweli.

Basi nikaenda kumwona. Nilivaa gauni langu zuri, nikafunga mikate miwili kwenye karatasi, nikakaa kwenye chumba cha wageni chenye zulia jekundu na feni isiyopiga kelele. Katibu wake alinipa maji na kuniambia Mheshimiwa ana ratiba ngumu. Nikamwambia hata mimi nina tanuri. Mwishowe mlango ukafunguliwa.

Amenenepa, ana mvi pembeni, ila macho ni yaleyale. Aliponusa mikate alifunga macho kidogo.

"Bado unaoka ya chumvi kidogo, ile ya mama?"

"Bado. Mdogo wangu, nimekuja kwa ajili ya mpwa wako."

"Najua, dada. Kaa."

"Uso wake umevimba. Mtoto yule ulimbeba wewe mwenyewe, ulimchagulia jina wewe."

"Najua," akasema tena, na nikaona hata yeye inamuuma. "Lakini nchi nzima ilinicheka. Wanaonitakia mabaya wanasema nimechezewa na watoto. Nikikaa kimya nimekwisha. Lazima awepo mtu."

"Mtu gani? Ni jenereta. Ilikuwa mbovu, kila mtu anajua ilikuwa mbovu."

"Jenereta haipelekwi mahakamani, dada."

Alisema bila ubaya, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini mlango unafunguka kwa ndani. Nikapiga magoti juu ya lile zulia, mimi niliyemfuta makamasi. Akaja mbio kuniinua, ananiambia niache, nisivunje heshima yangu na yake.

"Waandike mimi," nikasema. "Sema mama yake ndiye aliyemtuma."

"Wewe hukuwepo uwanjani." Akanikalisha, akaushika mkono wangu wenye makovu ya mabati, akaupapasa. "Sikiliza. Wale vijana wamekaa wanalindana. Wakiendelea hivi watapelekwa wote, na huko wanakokwenda sina mkono mrefu wa kumfuata mwanao mmoja. Lakini nikipata jina moja leo, wengine wote wanarudi kwao kesho. Mmoja tu. Kwani wewe hukumsikia akizungumza habari za kazi? Nani alikuwa karibu na mtambo?"

Mwanangu ana mwenzake waliyesoma naye ufundi na waliyekamatwa naye, tunamwita Koti, maana jua au mvua anavaa koti la marehemu baba yake. Ni mtu mzima sasa, ila ana utoto, anachekacheka. Alikuwa anakula kwangu kila wanapomaliza kazi, anasifia ukoko wa mkate, ananiita mama mikate. Siku ile ya uwanjani ndiye aliyekaa kwenye jenereta, akiimwagia maji ipoe. Kama kuna mtu aliyehangaika mitambo isizime, ni yeye.

Ningependa kusema ulimi uliteleza. Haukuteleza. Nilikaa pale nikamwona mwanangu na jicho lake, nikamwona Koti na kicheko chake, nikawapima wote wawili, na sikuchelewa hata kidogo.

"Koti," nikasema. "Anakaa nyuma ya soko, mama yake ni mfua nguo. Ndiye aliyekuwa kwenye jenereta."

Mdogo wangu akashusha pumzi. Mabega yake yakalegea kama mtu aliyetuliwa mzigo, akanibusu kwenye paji la uso. "Umenisaidia sana, dada," akasema, na alikuwa anamaanisha. Nilipotoka alikuwa ameshaukata mkate.

Mwanangu aliletwa siku ya pili yake, wengine nao wakaachiwa, hata mwenye jenereta akarudi kwake. Alioga, akakaa kwenye magunia, hakutaka kula. Aliniuliza swali moja, kama Koti ametoka. Nikamwambia sijui. Akaenda mwenyewe kuuliza, akarudi jioni, akalala akiwa ameugeukia ukuta. Mimi nilijiambia, amelala ndani ya nyumba yangu, hilo ndilo nililolitaka. Nilijiambia hivyo mara nyingi.

Asubuhi nilikuwa nakata madonge, mama yake Koti akaingia. Mikono yake ilikuwa bado ina povu, nadhani aliacha ndoo za watu akaja. Hakukaa.

"Wote wametoka isipokuwa wangu," akasema. "Wamesema jina lake limetajwa. Anahamishwa, hawaniambii anapelekwa wapi." Akamgeukia mwanangu. "Wewe na yeye mlikula sahani moja. Wewe umetoka, yeye hajatoka. Mwanangu, niambie tu. Ni wewe?"

"Mama, naapa, si mimi." Mwanangu alisimama. "Hata walivyonipiga sikusema. Naapa kwa Mungu."

"Nani basi?"

Akaanza kulia, mwanaume mzima. Nikaona yule mama hamwamini. Nikajua atatoka pale na kwenda kusema sokoni, na mwanangu hatapata tena mtu wa kushika naye waya, na kila atakapopita watamtemea mate. Wakanigeukia wote wawili kwa pamoja.

"Wewe ulikwenda kwa ndugu yako," mama Koti akaniambia. "Wewe lazima umesikia. Nipe jina, dada yangu. Nijue tu nimlaani nani."

Donge lilikuwa mkononi mwangu. Nililiweka kwenye bati, nikalibonyeza kati kama ninavyofanya siku zote.

"Mwenye jenereta," nikasema. "Alimtaja ili kujiokoa. Nimeambiwa na Mheshimiwa mwenyewe."

Mama Koti akakaa chini kwenye sakafu yenye unga, akajishika kichwa. Aliporudiwa na nguvu alinishika mikono yote miwili, akanishukuru kwa kutomficha, akasema Mungu anilipe, akamwomba mwanangu msamaha. Kisha akatoka akielekea sokoni. Mwanangu alikaa muda mrefu anatikisa kichwa. "Yule mzee," alikuwa akisema, "yule mzee mshenzi." Halafu akavuta mkate uliotoka motoni, akala wote na mwingine nusu, mara ya kwanza tangu arudi, na mimi nikasimama mlangoni mwa tanuri nikimwangalia anavyotafuna.