Kwa Nini Clem Pascoe Alimtoa Mbwa Wake

Clem Pascoe alipomtoa mbwa wake, mji wetu mdogo wa Warrabee wote ulijua kuna jambo. Simsemi mbwa koko wa kulala barazani. Namsema Jip, jike mweusi mwenye akili kuliko nusu ya wanaume wa hapa kwetu, mbwa wa kuswaga kondoo peke yake kutoka mwisho wa malisho hadi zizini huku bwana wake amekaa kwenye pikapu anasokota sigara. Mbwa wa namna hiyo haazimwi, sembuse kutolewa bure. Clem alimpeleka kwa jirani yake, Trev Hocking, akamfunga kwenye nguzo, akasema, "Mchukue, ni wako," akaondoka.

Trev hajawahi kuwa na kifua cha kuweka siri. Jumamosi kwenye mechi, wakiwa kwenye foleni ya soseji, alimsogelea Glenys, dada mkubwa wa Clem.

"Dada Glenys, mdogo wako anauza."

"Anauza nini?"

"Shamba, nini tena? Mtu wa kondoo atamtoaje mbwa wake kama hajauza kondoo? Na yale magari meupe ya watu wa mitambo ya umeme wa upepo, huyaoni yanavyoranda huku siku hizi?"

"Trev, mdomo wako na hiyo soseji, vyote vinateleza."

"Haya, mimi simo. Ila nenda ukaangalie banda lake la kunyolea kondoo. Amelifagia! Lini ulimwona Clem ameshika fagio?"

Glenys aliitupa soseji yake nusu. Shamba lile waliachiwa na baba yao wote wawili, bila kugawanywa. Glenys na mumewe, hadi mumewe alipofariki, walilima ngano upande wa barabarani, na Clem, ambaye hakuoa, alifuga kondoo upande wa kilimani. Clem akiuza upande wake, mitambo mirefu itasimama mbele ya dirisha la jiko la Glenys, na ndugu pekee aliyebaki naye atahamia mjini akaishi ghorofani. Hilo la pili hakulitaja kwa mtu, lakini ndilo lililomchoma.

Na mwanamke mwenyewe alizaliwa na shaka. Glenys hunusa maziwa kabla ya kuyatia kwenye chai hata kama ng'ombe amemkama mwenyewe. Kuanzia siku ile akaanza kumchunguza mdogo wake. Akimpigia simu, imezimwa. Akipita kwake na mkate wa tende, Clem anampokea getini, anasema asante, hamkaribishi ndani. Alikuwa amekonda, ndevu zimemwota ovyo, na shati ni lile lile la juzi.

"Anajifanya mgonjwa ili nisimuulize," Glenys alimwambia Trev kwenye simu.

"Au kuna mwanamke," Trev akasema.

"Na shati lile? Mwanamke gani, kipofu?"

Asubuhi moja Glenys alingoja mpaka akaona vumbi la pikapu ya Clem likielekea kwenye pampu ya maji, akaingia bandani kwake kimya kimya. Trev alikuwa amesema kweli. Sakafu ilikuwa safi hadi pembeni. Ukutani, funguo zote zilitundikwa kwa mstari, na kila moja ilikuwa na kipande cha utepe wa gundi kilichoandikwa kwa herufi kubwa: PAMPU, GHALA LA CHAKULA, GETI LA KILIMANI. Clem, ambaye tangu shule kalamu kwake ni adhabu! Yeye alizijua funguo zile hata gizani. Hayo maandishi yaliandikwa kwa ajili ya mgeni.

Glenys akatoka nje akasimama juani, mikono kiunoni, hadi pikapu iliporudi.

Hapa kwetu watu hawasemezani mambo mazito wakitazamana. Huegemea ubavu wa pikapu, bega kwa bega, wakatazama kondoo. Clem aliegemea, na Glenys, kwa hasira zake zote, naye akaegemea.

"Umemuuzia nani?"

"Nini?"

"Usinifanye mjinga, Clem. Shamba la baba. Umemuuzia nani?"

"Sijauza."

"Watu wa upepo wamekupa ngapi?"

"Walikuja, nikawafukuza. Muulize yeyote." Sauti yake haikuwa na ugomvi wowote, na hilo lilimtia Glenys shaka zaidi, maana wao wawili waligombana tangu utotoni.

"Basi mbona umemtoa Jip?"

"Lazima awe na mtu wa kumlisha."

"Si yupo? Si wewe?"

Kondoo mmoja alikohoa. Glenys akasahau desturi, akageuka akamtazama mdogo wake usoni.

"Kwani wewe unakwenda wapi?"

Clem alitazama malisho.

"Clem. Nimekuuliza unakwenda wapi."

Mbwa aliyetolewa, funguo zilizoandikwa: hapo Glenys alielewa. Akashika ukingo wa pikapu. Neno lenyewe hakuwahi kulitamka maishani mwake, lakini lilitoka.

"Unataka kujiua?"

Clem aliinamisha kichwa. "Nimechoka, dada. Nimechoka hata kuamka."

"Tangu lini?"

"Tangu kondoo walipozaa. Hapana, kabla ya hapo. Sijui."

"Na hukuniambia!"

"Ningekwambia nini? Mvua imenyesha, sufu ina bei nzuri. Ungeniuliza nalia nini, na mimi sijui."

Glenys alimshika mkono wa shati, lile lile chafu. "Panda gari langu."

"Kondoo hawajapewa—"

"Kondoo wana miguu. Panda."

Kabla ya kuondoka alimpigia Trev aje achukue bunduki ya Clem ya kuwindia mbweha akaifungie kwenye kabati lake la chuma. Trev alikuja, akaichukua, na safari hii hakuuliza kitu.

Dakta Perera wa zahanati yetu alitoka Sri Lanka, na amekaa hapa vya kutosha kuwalaani nzi kwa lafudhi yetu. Alizungumza na Clem peke yake muda mrefu. Glenys alikaa kwenye korido akimshuku: anajua nini huyu kuhusu watu wa kondoo? Atamjaza vidonge awe zezeta. Mwishowe akaitwa ndani.

"Ni sonona," daktari alisema. "Ni ugonjwa wa kuelemewa na huzuni, na unatibika."

"Wa nini? Hana shida hata moja."

"Hauhitaji shida, mama. Mtu mwenye kisukari humuulizi amekosa nini." Akaeleza kwamba dawa zitachukua wiki kadhaa kufanya kazi, kwamba kutakuwa na mshauri wa kuongea naye kila wiki, na kwamba kwa sasa Clem asilale peke yake. Namba ya kupiga saa yoyote aliwaandikia wote wawili.

Glenys alikuwa na lake la kuuliza. "Nilimuuliza kama anataka kujiua. Sikumtia wazo?"

"Hapana. Ulimpa nafasi ya kulisema. Endelea kumuuliza. Lakini usimpeleleze."

Usimpeleleze! Ungemwambia jogoo asiwike. Glenys alihamia kwa Clem, akawa anasikiliza mlangoni, anachungulia chini ya ulimi wake baada ya dawa, anafuata nyayo zake hadi chooni. Clem akicheka, anamshuku anaigiza. Akinyamaza, ndiyo kabisa. Baadaye, dawa zilipoanza kumshika na daktari aliporidhika, Clem alimwambia, "Dada, nenda kwako. Nakupenda, lakini unakoroma."

Akaenda. Ila kila asubuhi aliegesha gari kwenye geti la kilimani na darubini ya marehemu mumewe, eti anakagua ngano.

Asubuhi moja alimwona Clem akitoka, akaketi kwenye ngazi ya mlango, buti moja mguuni, nyingine mkononi. Hakuivaa. Alikaa tu. Kisha simu ya Glenys ikalia.

"Dada, uko getini na darubini."

"Naangalia ngano."

"Ngano iko upande wa pili."

Glenys alingoja ama kicheko ama matusi, akiwa tayari kwa vyote viwili.

"Usikate," Clem alisema. Sauti ilikuwa ndogo. "Leo ile hali imerudi. Imerudi vibaya. Njoo ukae na mimi."

"Nakuja."

Alifungua geti, akapita kwa kasi, na akaliacha wazi nyuma yake, jambo ambalo hapa kwetu hafanyi hata mlevi. Kondoo wakaanza kutoka mmoja mmoja kuelekea barabarani. Glenys aliwaona kwenye kioo, wala hakupunguza mwendo.