Shaba Ndani ya Gonaria

Dada yangu Gonaria alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huku kwetu kwenye milima ya kisiwa cha Sardinia, na hakuwahi kumaliza hata glasi moja ya divai. Lakini alipofikisha miaka ishirini na sita mikono ilianza kumtetemeka. Mwandiko wake ubaoni ukaharibika, ulimi ukawa mzito. Wazazi wa wanafunzi wakaanza kunong'ona.

Mimi Bachisio, mdogo wake, mchunga kondoo, sikunong'ona. Kwenye ubatizo wa mtoto wa binamu yetu, Gonaria alimwagia kasisi sahani ya jibini mapajani, nikapaza sauti: "Mpisheni mwalimu, leo kaanza mapema!"

Watu wakaangua kicheko.

"Bachi, naapa sijagusa kitu," alisema, akiburuta maneno, nao wakazidi kucheka.

Mama akazifungia chupa zote kabatini. Shule ikamsimamisha kazi. Kabla mwaka haujaisha macho yake yaligeuka manjano, tumbo likajaa maji, tukamfikisha hospitali ya mjini akiwa hajitambui. Alifariki siku ya nne.

Daktari Sanna, mama wa makamo, alituita mimi na mama ofisini kwake.

"Hakuwa mlevi," alisema. "Ndani ya ini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikamata shaba inayotoka kwenye chakula na kuitupa kwenye nyongo. Chake alizaliwa nacho kibovu. Shaba ikalijaa ini, kisha ikapanda kwenye ubongo."

"Dawa hakuna?" mama akauliza.

"Ipo, mama. Angeianza mapema, huenda tungekuwa naye."

Mama hakulia. Daktari akanigeukia, kwa kuwa ugonjwa huu hutembea kwenye damu ya ndugu, akanimulika macho kwa taa yake.

"Una duara la kahawia machoni. Hiyo ni shaba. Mikono haitetemeki?"

"Inatetemeka. Mwaka wa pili sasa. Nilidhani ni kukamua kondoo."

"Ulimwambia nani?"

"Sikumwambia mtu. Nikiwa mbele za watu naitia mfukoni."

Mama akanitazama. "Hata siku ile ya ubatizo?"

"Hata siku ile, mama."

Ni mwaka wa nne nameza vidonge, na mikono imetulia. Mama hunipikia kila siku, bila maini wala uyoga, vyenye shaba nyingi, kama alivyoagizwa. Huniwekea sahani mezani, kisha huchukua yake akaenda kulia chumbani kwa Gonaria, na mlango huufunga.