Kufa Kazini

Sasidharan alikuwa ameazimia kufa kabla ya tarehe thelathini na moja Mei, na alijiona tayari amechelewa.

Msimdhanie kichaa. Alikuwa karani wa idara ya umwagiliaji ya serikali ya jimbo, huko Kerala, na karani huzijua kanuni za kustaafu kuliko anavyozijua sala zake. Mfanyakazi akifa angali kazini, mwanawe anaweza kuomba ajira serikalini na kupewa bila kushindana na mtu. Akishastaafu, hata akifa kesho yake asubuhi, mlango umefungwa: mjane atapata pensheni yake ndogo, mtoto atajijua mwenyewe. Na mtoto mwenyewe, Binoj, alikuwa amepita miaka thelathini, na mitihani ya ajira ya serikali ameifanya mpaka wasimamizi wakamzoea. Mara mbili alikwenda kuposa, mara mbili akaulizwa anafanya kazi gani, akarudi kichwa chini. Sasidharan naye alikuwa na moyo mbovu. Basi akaona aheri nusu shari kuliko shari kamili, akaacha kumeza dawa.

Aliyemkera zaidi ni mwalimu mkuu wa shule ya utotoni. Sasidharan alizaliwa Julai, katikati ya masika yao. Lakini shule zilifunguliwa Juni, na mtoto alitakiwa awe ametimiza miaka mitano. Mwalimu mkuu akawaandikia darasa zima kuwa wamezaliwa Mei, akaenda zake kunywa chai. Ndiyo maana nusu ya ofisi hustaafu siku moja. "Yule mzee kaniibia miezi miwili," Sasidharan alizoea kulalamika, na watu walidhani anasikitikia mshahara.

Katikati ya Mei, Binoj alipitia duka la dawa kumnunulia mama yake dawa ya kikohozi. Muuzaji akamuuliza, "Baba yako kahamia duka gani siku hizi? Au tumemuudhi?"

Binoj akarudi nyumbani moja kwa moja. Alimkuta baba yake barazani, anakula mihogo ya kuchemsha na mchuzi wa samaki.

"Baba, dawa zako unanunua wapi?"

"Nimezipumzisha kidogo."

"Kwa nini?"

"Kaa kitako nikwambie. Usipige kelele, mama yako asisikie." Akamweleza yote, taratibu, kama anayemfundisha karani mgeni. "Wahenga wamesema kufa kufaana. Mimi dunia nimeila, mwanangu. Wewe hata sahani hujapewa."

Kausalya, mkewe, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akaja akamwondolea sahani. "Anayetaka kufa hali samaki wangu," akasema, akarudi jikoni. Huko ndani wakamsikia analia, na Sasidharan akaona aibu, maana kilio cha mkewe hakikuwamo katika hesabu zake.

Binoj hakulia. Akasema, "Ile kazi haiji yenyewe, baba. Lazima mimi niombe, si ndiyo?"

"Ndiyo. Unaomba tu, unaweka sahihi."

"Basi siombi. Ukitaka kufa, kufa. Utakuwa umekufa bure."

"Utaomba, wewe. Njaa haina adabu."

"Siombi. Kama huamini, jaribu."

Hapo alimweza. Karani yule alikuwa tayari kufa, lakini kufa bure kulimshinda. Binoj akarudi dukani, akaja na dawa, akasimama mbele yake na gilasi ya maji mpaka ikashuka kooni. Tangu siku hiyo alimsimamia hivyo kila asubuhi.

Thelathini na moja Mei ikafika, Sasidharan mzima wa afya kuliko alivyotaka. Ofisini wakamvika shada la maua, wakala vitamu vya ladu na chipsi za ndizi. Pushkaran, dereva wa idara, akamtania: "Karani, na moyo wako huo mbovu, umetunyima matanga. Haya, panda, nikupeleke ukamchoshe mkeo." Sasidharan alicheka na wenzake, lakini alipokitazama kiti chake roho ilimuuma. Angekikalia mtoto wa mtu mwingine.

Gari lilimshusha kwenye njia panda, kwa kuwa kichochoro chao ni chembamba. Binoj alikuwa anamngoja. Akampokea mzigo wa zawadi, wakatembea pamoja kwenye manyunyu.

"Sasa yamekwisha," Sasidharan akasema. "Niambie kweli. Ningekufa, usingeomba?"

Binoj akauhamishia mzigo mkono wa pili. "Ningeomba, baba."

"Ningeomba wiki ileile," akaendelea. "Mama angekuwa bado analia, na mimi niko foleni. Nimechoka kukaa bila kazi, we hujui tu. Ndiyo maana nilikusimamia na yale maji. Nilijiogopa."

Sasidharan alitaka kumwita mjinga, akaacha. Kazi aliyohangaika kumwachia, mtoto alikuwa ameitamani kila asubuhi, gilasi ya maji mkononi, na kila asubuhi akamnywesha. Akamwegemea begani, uzito wake wote, wakaenda hivyo hadi nyumbani.