Nyuzi au Pini

Muuguzi wa vidonda hakumwamini daktari mpasuaji hata chembe, na sababu alikuwa nazo. Wagonjwa saba wa kisukari mfululizo, wote miguu yao imefungwa kwa pini za chuma. Saba! Wale wembamba, wasio na sukari wala presha, wakashonwa kwa nyuzi.

Hospitali ilikuwa inalinganisha njia mbili za kuufunga mguu uliotolewa mshipa wa kupandikiza kwenye moyo. Bahasha zilipangwa kwenye boksi ofisini, ya juu ndiyo ya mgonjwa anayefuata, na ndani neno moja tu, kama kura ilivyoamua. Mpasuaji alikuwa mtu wa nyuzi tangu zamani, wala hakuficha. Kazi ya muuguzi ilikuwa kupima vidonda na kuandika kipi kimeshika, kipi kimeachia.

"Anachungulia bahasha yule," alimwambia mfamasia, shoga yake. "Miguu mibovu anaitupia pini, nyuzi zake zing'are."

"Umemwona?"

"Sijamwona. Lakini mimi si mtoto mdogo."

Basi akamwandikia malalamiko mkaguzi wa utafiti, akatia sahihi, akaanza kumvizia mpasuaji. Akisalimiwa naye, anaitikia nusu mdomo. Akimwona karibu na lile boksi, anasimama kama mlinzi.

Wiki hiyohiyo dada yake mkubwa, aliyemlea tangu mama yao afariki, akapangiwa upasuaji. Sukari yake ilikuwa haishikiki. Asubuhi ya siku yenyewe muuguzi aliingia ofisini kuhakikisha, kwa ajili ya ushahidi tu, kama bahasha zinasomeka bila kufunguliwa. Aliinua ya juu dirishani. Pini. Akainua ya pili. Nyuzi.

Alijiambia ushahidi ameshaupata, azirudishe atoke zake. Akazirudisha kweli, ila ile ya pili, ya nyuzi, akaiweka juu.

Mguu wa dada ulipona vizuri mno. Wa mwalimu mstaafu aliyefuata, aliyeangukiwa na ile ya pini, ulifumuka chini ya goti, ukatoa usaha. Muuguzi alipima sentimita nne.

"Usihangaike, mwanangu," mwalimu alimwambia, alipomwona anarudia kupima. "Bahati yangu tu ndiyo mbaya."

Aliandika nne, akatoka haraka.

Mkaguzi alipofika, alilinganisha daftari la wodi na orodha halisi ya kura aliyokuwa ameifungia kabatini kwake. Wale saba walikuwa sawasawa. Kura ndiyo iliyowaangukia. Muuguzi alishusha pumzi, lakini mkaguzi alikuwa hajamaliza.

"Hata hivyo malalamiko yako hayakuwa bure," alimwambia. "Wawili wamebadilishiwa, wa kumi na tisa na wa ishirini. Daktari anasimamishwa kazi kuanzia leo. Weka sahihi hapa, shahidi ni wewe."

Mpasuaji alikuwa amekaa pembeni, mikono mapajani. "Sista, sijaligusa boksi lile," alisema taratibu. "Haki ya Mungu."

Kwa mara ya kwanza muuguzi alimwamini. Alimwonea huruma, akajichukia, na bado kulikuwa na kipande ndani yake kilichotamani kusaini yaishe. Aliiweka kalamu mezani.

"Wa kumi na tisa ni dada yangu," alisema. "Bahasha nilizigeuza mimi."