Shemeji Anajifunza Kushuka

Fundi wa lifti alikuwa na siri moja iliyomkaa kooni kama mwiba wa samaki. Haikuwa siri ya mapenzi wala ya wizi. Ilikuwa siri ya dakika kumi na moja, na aliyedhulumiwa dakika hizo ni shemeji yake, mke wa kaka yake mkubwa.

Wote wawili walifanya kazi katika jengo moja la maofisi lenye ghorofa kumi na mbili. Yeye alizitunza lifti. Shemeji alifanya usafi. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na tisa, mfupi, mwenye vigimbi vilivyokaza na mdomo usiojua likizo. Mwaka uliopita, bila kumwomba mtu ushauri, alijiandikisha kwenye mbio za nusu marathoni zinazokimbiwa kila mwaka kando ya bahari: kilomita ishirini na moja, na katikati yake vilima vitatu vya kumtoa mtu roho. Familia ilicheka hadi mbavu zikauma. Mumewe, ambaye ni kinyozi na hakosi neno, aliwaambia wateja wake kwamba mke wake ameamua kuikimbia ndoa, ila kwa kuwa ana adabu, amejaza fomu kwanza.

Siku ya mbio hizo fundi alijitolea kugawa maji kwenye kilomita ya kumi na saba, mahali ambapo kilima cha tatu kinaishia. Pale pana sheria. Mbio zinaanza saa kumi na mbili asubuhi, na ikifika saa mbili na nusu kamba inavutwa barabarani. Aliyepita kamba kabla ya hapo anaendelea hata kama atatambaa. Aliyechelewa anapandishwa kwenye gari na kurudishwa mjini kama kifurushi. Kuanzia pale hakuna kilima tena, ni barabara tambarare ya ufukweni mpaka mwisho.

Basi shemeji alitokea juu ya kilima, na fundi alipomwona alisikia moyo unamwuma. Alikuwa anashuka kiubavu kama kaa. Magoti yanagongana, mapaja yanatetemeka, uso umekunjamana. Fundi hakusubiri kuombwa. Alimkimbilia, akamshika mkono, akamwambia, "Basi, shemeji. Muda umekwisha." Akampandisha kwenye gari na kumfungia mlango. Saa yake ya mkononi ilionyesha saa mbili na dakika kumi na tisa.

Ndiyo hiyo siri. Mwenyewe aliiita huruma, na huruma ilikuwepo kweli, lakini uongo nao ulikuwepo, tena umekaa kiti cha mbele. Shemeji alirudi nyumbani akasema muda ulimtupa mkono. Kinyozi akamfariji kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Mwanamke akacheka na wenzake, lakini tangu siku ile hakuwahi kuutaja ufukwe ule, na mwaka mpya ulipoingia alijaza fomu tena. Alisema hataki nishani wala kupigwa picha. Anataka kufika mwisho kwa miguu yake mwenyewe, basi.

Kuanzia hapo fundi akawa shahidi wa jambo ambalo hajawahi kuliona kwa mtu wa ukoo wao, ukoo ambao, tuseme ukweli, unapenda viti. Kila alfajiri kabla ya kazi shemeji alikimbia. Mvua ikinyesha, anakimbia. Jumapili wenzake wakivuta shuka, yeye alishakwenda kilomita kumi na mbili na kurudi, na chai ameshaiweka jikoni. Hakuwa na mwalimu wala saa ya gharama. Alikuwa na raba jozi moja na kichwa kigumu.

Lakini mazoezi makubwa yalikuwa kazini. Asubuhi lifti ya mizigo ilikuwa ya kupandisha makaratasi na samani, hivyo watu wa usafi walipanda kwa miguu wakiwa na ndoo tupu. Maji safi walichota huko huko juu. Maji machafu hayakumwagwa juu, kwa sababu mabomba yalikuwa na tabia ya kuziba. Yalishushwa mpaka uani. Fundi akiwa amejikunja juu ya paa la lifti, mlango wa ghorofa fulani umeachwa wazi, alizisikia raba za shemeji zikipanda. Ghorofa ya tatu, ya sita, ya tisa, hatua hazibadiliki. Vijana wa maofisini walisimama wakisubiri lifti iwapandishe ghorofa mbili, naye akawapita akiwasalimia, pumzi imetulia utadhani katoka kulala. Mara tisa kwa siku. Fundi alikuwa anasahau bisibisi mkononi kwa kusikiliza tu.

Wiki sita kabla ya mbio, shemeji alimwomba amsindikize kwa baiskeli kwenye njia yenyewe, aipime miguu yake. Kilima cha kwanza kilimshusha fundi kwenye baiskeli. Akawa anaisukuma huku anahema, na mwanamke kamwacha mbali. Alipofika juu alimkuta amemsubiri, mikono kiunoni, akimwuliza kwa upole wa kuudhi kama angependa kubebwa. Kupanda kilikuwa kitu chake. Hakuna aliyeweza kumfundisha.

Mambo yaliharibika kwenye kushuka. Hatua mia mbili tu baada ya kilele, mwanamke yule akawa mtu mwingine. Miguu ilianza kutetemeka, magoti yakakataa kukunjika, na akarudi kwenye ule mwendo wa kaa. Kilima cha pili vilevile. Kilima cha tatu alikaa chini kwenye ukingo wa barabara, bahari iko mbele yake pana na ya buluu, wala hakuitazama. Alisema hajui ana ugonjwa gani. Akipanda miguu ni yake, akishuka ni kama ameikodi. Labda ni umri tu, alisema, na fundi hakuwahi kumsikia akisema neno hilo kabla ya siku ile.

Usilolijua ni kama usiku wa giza. Kesho yake, Jumatatu, fundi alikuwa amechuchumaa chini karibu na lifti ya mizigo, anapaka grisi reli za mlango. Mlango ukafunguka, akatoka shemeji na ndoo imejaa maji machafu, akaenda uani. Baada ya muda mlango ukafunguka tena, shemeji na ndoo. Mara ya tatu fundi alibaki ameshika kopo la grisi, kinywa wazi. Miaka saba mwanamke huyu anapanda jengo zima kwa miguu, mara tisa kwa siku, na miaka saba hajashuka hata ngazi moja. Kila kushuka kwake kulibebwa na lifti. Lifti ambayo fundi mwenyewe aliitunza, akajisifu kwamba haijawahi kukwama.

Alipomweleza, shemeji aliitazama lifti, akaitazama miguu yake, akaweka ndoo chini ili acheke vizuri. Fundi akaona hapo ndipo pa kulipa deni lake kimyakimya. Akamwambia anaweza kuifunga lifti hiyo mwezi mzima. Nyaya zinahitaji kukaguliwa, hakuna atakayeuliza. Shemeji akakataa papo hapo. Mwenzake mmoja ana mgongo mbovu, mwingine ni mjamzito wa miezi saba. "Miguu mibovu ni yangu," alisema. "Wao wamenikosea nini?"

Akaenda kwa msimamizi wa usafi, mama mmoja mkavu wa uso aliyeandika sheria za jengo lile na kuzipenda kuliko wanawe. Sheria ilisema maji machafu hayapiti kwenye ngazi. Shemeji akaomba ruhusa ayapitishe. Msimamizi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema tone moja likidondoka, atapiga deki ngazi zote, kuanzia juu mpaka chini. Shemeji akakubali.

Siku ya kwanza alipiga deki ngazi zote mara mbili. Usiku kinyozi alimwona mkewe akijishusha kwenye kiti kwa mikono miwili, polepole, akasema hata friji halishushwi hivyo. Siku ya pili akapiga deki mara moja. Siku ya tatu alishuka akiwa ameuma meno, mapaja yanawaka, na hakuna tone. Kushuka na ndoo iliyojaa hakutaki papara: unalikunja goti kidogo, unatua taratibu, unauzuia uzito usikutangulie. Ndicho hasa kilima kinachokitaka. Bandu bandu huisha gogo. Wiki ya pili akaanza kuwashushia ndoo na yule wa mgongo na yule mjamzito. Wiki ya nne maji yalikuwa yametulia ndani ya ndoo kama yamelazwa, naye anashuka mgongo umenyooka, anatazama mbele. Fundi alikuwa anajitafutia sababu za kukaa ngazini na spana. Alimheshimu mwanamke yule kuliko alivyowahi kumheshimu mtu yeyote, na kadiri alivyomheshimu ndivyo ule mwiba ulivyozidi kumchoma.

Kisha waandaaji wa mbio wakampigia simu. Walimtaka asimame tena kilomita ya kumi na saba, na safari hii si kwa kugawa maji. Yeye ndiye angevuta kamba.

Mchana ule ule alimsubiri shemeji kwenye ngazi za ghorofa ya sita. Alipotokea na ndoo yake, akamwambia yote bila kuzunguka. "Mwaka jana nilikudanganya. Nilipokutia kwenye gari, zilikuwa zimebaki dakika kumi na moja."

Shemeji hakusimama. Aliendelea kushuka, hatua zilezile, na fundi akamfuata nyuma kama mtuhumiwa, ghorofa baada ya ghorofa. Uani akamwaga maji, akaisuuza ndoo, akaifunika kifudifudi. Ndipo akageuka.

"Ulinihurumia."

"Ndiyo, shemeji."

"Nilikuomba?"

"Hukuniomba."

"Mwaka mzima nimekuwa nikijiona mzee kwa sababu yako." Hasira ile haikuwa ya mzaha. "Utasimama pale pale. Nikifika nimechelewa, vuta kamba hata kama nimebakiza hatua moja. Lakini mkono wako usinifikie."

Siku tatu hakuitikia salamu yake. Siku ya nne alimuuliza kama anadhani mvua itanyesha siku ya mbio, na fundi alijibu kwa maneno mengi kuliko swali lilivyohitaji, kwa furaha ya kuulizwa.

Mvua haikunyesha. Upepo ndio ulikuja, upepo wa baharini unaokupiga kifuani, na wakimbiaji walichelewa wote. Fundi alisimama na kamba yake iliyolazwa barabarani. Ilipofika saa mbili na dakika ishirini, shemeji hakuwa ameonekana. Ilipofika na ishirini na tatu, bado. Dereva wa gari alikuwa ameshawasha injini.

Saa mbili na dakika ishirini na nne akatokea juu ya kilima. Kuna mahali alikuwa ameanguka. Goti la kushoto limechubuka na damu imeshuka mpaka kwenye soksi. Waliokuwa wakigawa maji wakaanza kunong'ona kwamba mama wa watu ataumia. Dereva akafungua mlango wa gari, akamwambia fundi, "Mzee, nenda kamchukue. Huoni hali yake?"

Fundi aliiona hali yake. Aliona damu, akaona uso uliokunjamana uleule wa mwaka jana, na miguu yake mwenyewe ilipiga hatua moja mbele kabla hajaizuia. Kisha akatazama vizuri, kama mtu anayeijua kazi anayoitazama. Hakuwa anashuka kiubavu. Goti linakunjika kidogo, mguu unatua taratibu, uzito haumtangulii. Mgongo umenyooka. Mwanamke alikuwa anaumia, na alikuwa anashuka.

"Mwache," alimwambia dereva. "Anajua anachofanya."

Akairudisha ile hatua moja nyuma, akaishika kamba kwa mikono yote miwili.

Pale chini palikuwa na watu sita, na karibu wote walivaa saa. Mmoja alikuwa na saa kubwa ya kuning'iniza shingoni, namba zake zinasomeka toka mbali. Shemeji hakuitazama. Alipokaribia kamba alimtazama fundi usoni.

"Shemeji, zimebaki ngapi?"

"Mbili," alisema fundi. "Kweli tupu. Mbili."

Akaamini. Hakuongeza mwendo hata kidogo. Alivuka kamba kwa hatua zake zilezile, akachukua gilasi ya maji, akapinda kona kuifuata barabara ya ufukweni.